TAHADHARI KABLA YA HATARI: Historia Fupi ya Vimbunga, Mafuriko na Maonyo Katika Pwani Yetu

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliomo madarasani sasa,

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Methali hii tuliitumia sana katika insha zetu, lakini wachache kati yetu walijiuliza tahadhari hiyo hutoka kwa nani, na anayeipata aifanyie nini. Nimeona nieleze kwa ufupi historia ya maonyo hayo katika pwani yetu, kwani nimejifunza kwamba onyo laweza kukosekana, laweza kukosa sikio, na hata likisikika laweza kukosa pa kumpeleka mtu.

Tuanze na Unguja, Aprili 15, 1872. Mabaharia wa siku zile waliamini kuwa kisiwa hicho kiko nje ya njia ya vimbunga. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Upepo wa kimbunga huzungushwa kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ni dhaifu mno karibu na Ikweta. Ndiyo maana vimbunga ni nadra sana chini ya nyuzi 5. Unguja iko nyuzi 6 kusini, yaani ukingoni tu. Siku hiyo kimbunga kiliupita ukingo huo. Vyombo vingi bandarini viliharibika, zikiwamo meli za Seyyid Barghash. Moja yao ilikuwa El Majidi, ambayo zamani iliitwa Shenandoah, manowari mashuhuri ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mashambani mikarafuu iling'olewa kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika zao la karafuu. Upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili, wala hapakuwa na wa kuonya: simu ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879.

Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile, Aprili 15, 1952, kimbunga kiliipiga Lindi na watu 34 wakapoteza maisha. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanzishwa tangu 1929, lakini setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilikuwa haijarushwa. Ilirushwa mwaka 1960. Kimbunga kikiwa katikati ya bahari kilijulikana tu kwa meli iliyokutana nacho.

Desemba 26, 2004 tulipata somo la namna nyingine. Hatari ya siku hiyo haikuletwa na upepo bali na tetemeko la ardhi karibu na Sumatra, na mawimbi yake yalichukua saa kadhaa kuivuka Bahari ya Hindi. Muda wa kuonya ulikuwapo. Kenya, polisi waliwaondoa watu fukweni baada ya habari za Asia kufika, na aliyekufa huko ni mtu mmoja. Kwetu Tanzania walikufa watu kumi au zaidi, wengi wao wakiogelea. Bahari ni moja na wimbi ni lile lile. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeambiwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Desemba 2011, siku chache tu baada ya kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru, mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Desemba 21 peke yake zilipimwa milimita 156. Mto Msimbazi, unaoanzia milima ya Pugu, ulijaa kwa saa chache, kwa kuwa maji ya mvua yakikuta mabati na lami hayana pa kuzama. Watu wapatao 40 walikufa. Fundi aliyekuwa akinishonea suti alikaa bonde la Jangwani. Nilipomkuta amekaa juu ya cherehani yake, godoro limelowa, nilimlaumu kama mwalimu wa zamu: "Hukusikia redio ikisema mvua itaendelea?" Akanijibu, "Mzee, redio nimeisikia. Niende wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye familia nyingi zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini, na wengine wakarudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa huko.

Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya. Safari hii kilifuatiliwa tangu kikiwa baharini, kikatangazwa kwa jina, na boti za kwenda Unguja zikasimamishwa. Kiliifikia Mafia Mei 4 kikiwa kimepungua nguvu. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, lakini abiria wa baharini walikuwa nchi kavu. Hayo ndiyo maendeleo ya kweli.

Vijana, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, msidhani hayo ni maneno ya kujaza taarifa ya habari. Mjue kwamba angalizo ni dogo kuliko tahadhari, na tahadhari ni ndogo kuliko tahadhari kubwa. Msivuke maji yaendayo kasi hata yakiwa ya magotini. Na ninyi wenzangu, ambao leo ni wahandisi, madiwani na wakuu wa ofisi, kazi yetu ni lile swali la fundi. Kutangaza hatari ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kumwonyesha mtu pa kwenda kabla maji hayajafika.

Nawatakia mkutano mwema.