Floraidi Haifi: Maswali ya Wanaoanza Kemia Kaloleni

"Mwalimu, maji yakichemka sana, floraidi si inakufa?"

Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, katika darasa moja la Kaloleni, jijini Arusha. Wenzake walicheka. Nilimjibu kwa sentensi moja kwamba floraidi haiondoki kwa kuchemsha, kisha nikageukia ubao kuendelea kuchora vifaa vya maabara. Nilikosea. Siku ile ubaoni hapakuwa na kitu chenye thamani kuliko swali lile. Kijana alikuwa amefikiri kwa mpango: tangu utotoni ameambiwa achemshe maji ili vijidudu vife, ameambiwa pia kwamba maji ya huku yana floraidi na kwamba floraidi ndiyo inayogeuza meno kuwa ya kahawia. Akaunganisha mambo mawili aliyofundishwa na watu anaowaamini. Kasoro ilikuwa katika kitenzi kimoja tu, kufa, nacho hakukibuni yeye.

Hoja yangu ni kwamba maswali ya namna hii ndiyo yanayopaswa kufungua somo la kemia katika shule za Arusha, na wala si vumbi la kupanguswa kabla ya somo kuanza. Muhtasari uliotumika kwa miaka mingi ulimwanzishia mwanafunzi vifaa, sheria za usalama wa maabara na aina za miali ya moto. Maji magumu na maji laini aliyakuta akiwa kidato cha tatu. Lakini mtoto wa Kaloleni amefika darasani na ndoo nzima ya kemia kichwani. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye hadi maneno yake ya nyumbani yatenganishwe na kila dhana ipate neno lake.

Tuanze na kufa. Kijidudu ni kiumbe hai chenye protini na utando. Joto la maji yanayochemka huviharibu, na uhai unakoma. Floraidi ni ioni, yaani atomi moja ya florini iliyobeba chaji hasi. Haikuwa hai, kwa hiyo haina cha kufa. Chukua sufuria yenye lita 2 za maji yaliyo na miligramu 3 za floraidi kwa kila lita. Humo mna miligramu 6. Iache ichemke juu ya mkaa hadi ibaki lita moja na nusu. Mvuke umekwenda zake na floraidi yote imebaki: miligramu zilezile 6, sasa katika lita 1.5, yaani miligramu 4 kwa kila lita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi 1.5, na viwango vya Tanzania vyenyewe vilikubali hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushushwa. Mama anayeyaacha maji yachemke nusu saa ili yawe salama zaidi anawaongezea wanawe floraidi katika kila kikombe. Sisemi watu waache kuchemsha. Kipindupindu hakingoji hesabu. Yakichemka vizuri kwa muda mfupi yanatosha, yaepuliwe, yafunikwe.

Neno la pili ni safi. Mashariki ya mji, barabara ya Moshi inapita mahali paitwapo Maji ya Chai, kwa sababu ya rangi ya maji ya mto wake. Jina hilo hutajwa mara kwa mara katika tafiti za floraidi, na wanafunzi wengi hudhani kwamba rangi ile ndiyo floraidi yenyewe. Ukiwawekea mezani glasi mbili, moja ya maji meupe ya chemchemi na nyingine ya maji yenye tope kidogo, wote watanyoosha kidole kwenye tope. Kwa lugha ya nyumbani, maji safi ni yale ambayo jicho halioni kitu ndani yake. Katika kemia jicho ni shahidi dhaifu: floraidi haina rangi wala harufu, na kwa viwango vya maji yetu haina ladha ya kuishtukia. Mwanafunzi akiuliza, "Sasa iko wapi mbona siioni?" ameuliza swali la mmumunyo, nalo ni nusu ya kemia yote.

Hapo tunakutana na kitenzi kinachonisumbua kuliko vyote: kuyeyuka. Barafu inayeyuka, mafuta ya nazi yanayeyuka juani, na sukari nayo inayeyuka katika chai. Kiswahili cha kila siku hakioni haja ya kutofautisha. Lakini barafu imebadili hali tu, inahitaji joto na haihitaji mwenzi. Sukari imetawanyika kati ya molekuli za maji na bila maji isingekwenda popote. Neno la pili tunalo, kumumunyuka, na kila aliyewahi kumumunya pipi analielewa bila kamusi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilikusanya istilahi za namna hii katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo nimesahihisha daftari baada ya daftari ambamo chumvi "imeyeyuka" katika maji, na nikiuliza kama tungeweza kuiyeyusha kwa moto tu, mwandishi anajibu bila kusita: ndiyo, kwani si ni jambo lilelile? Anayeamini hivyo hatashangaa akiambiwa kuwa moto unaiondoa floraidi. Makosa mawili, mzizi mmoja.

Sasa swali lililo tajiri kuliko yote: kwa nini hapa? Kwa nini floraidi imejaa Meru? Jibu la mkato ni kwamba Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ni volkano na miamba yake ina florini. Ni kweli, lakini halitoshi. Maji yanaweza kupita katika miamba yenye florini na yakatoka na kidogo tu, endapo yana kalsiamu nyingi. Ioni za kalsiamu na za floraidi zikizidi kiasi fulani huungana kuwa kalsiamu floraidi, ambayo humumunyuka kwa shida na kuzama kama mashapo. Kalsiamu ni mlinzi. Miamba ya Meru ina sodiamu nyingi, na maji yake hubeba bikabonati. Kalsiamu iliyopo hukamatwa ikawa kabonati, yaani chokaa, ikabaki chini. Mlinzi akishaondolewa, floraidi hutembea huru. Hesabu inaonyesha hivyo: ili floraidi izuiwe kwenye miligramu 1.5 kwa lita, maji yanahitaji kalsiamu ya zaidi ya miligramu 200 kwa lita; yakiwa na miligramu 5 tu za kalsiamu, yanaweza kubeba floraidi hadi karibu miligramu 10 bila chochote kuzama. Mashariki mwa mlima, katika maziwa ya Momella yasiyo na mto wa kuyatoa maji, jua linavukiza mwaka hadi mwaka na floraidi imefika mamia ya miligramu kwa lita. Ni sufuria ya mama yule, ila kubwa.

Upungufu huu wa kalsiamu unaonekana kwenye beseni la kufulia. Mtu aliyehamia Arusha kutoka Tanga au Dar es Salaam hushangaa jinsi sabuni ya mche inavyotoa povu upesi kwa maji ya baadhi ya visima vya huku, na mkono unavyobaki na utelezi hata baada ya kusuuza. Husema, maji haya ni mazuri, ni laini. Ni laini kweli, kwa sababu kalsiamu ya kugombana na sabuni haipo. Na kutokuwepo kwake ndiko kunakoipa floraidi njia. Povu peke yake halithibitishi floraidi, lakini linamfundisha mwanafunzi kwamba laini na salama ni maneno mawili.

Jaribio la kuionyesha bikabonati ya maji hayo halihitaji maabara. Chemsha lita moja ya maji ya kisima cha namna hiyo hadi ibaki robo kikombe. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya mvua. Dondoshea kila kimoja matone machache ya maji ya rozela yaliyotiwa rangi tu, yasiwe makali. Katika maji ya mvua wekundu unabaki. Katika yale ya kisima unafifia na kugeukia kijani, kwa sababu bikabonati imepoteza kabonidayoksidi kwa joto na kuwa kabonati, ambayo ni besi yenye nguvu zaidi. Nimeona darasa lenye kelele likinyamaza kwa rangi ile. Aliyevunja ukimya aliuliza, "Kwa hiyo ni magadi?" Alikuwa amefika mwenyewe: magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu iliyoganda pamoja na maji, ndugu wa kile kilichobaki kikombeni.

Wapo wanaotaka kwenda mbele zaidi: kama kalsiamu ni mlinzi, tutie chokaa ndooni, mambo yaishe. Wazo ni zuri, ila linagonga ukuta. Hata kalsiamu floraidi tupu ikiwekwa katika maji yasiyo na kitu kingine huachia takriban miligramu 8 za floraidi kwa lita. Kuzamisha peke yake kunashusha floraidi nyingi lakini kunaacha kiasi ambacho bado ni kingi mno kwa mtoto. Ndiyo maana mbinu ya Nalgonda, iliyopewa jina la mji wa India, huchanganya chokaa na shabu ili vumbi la aluminiamu haidroksidi linalozama liibebe floraidi.

Na ndiyo maana Kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi, chini ya Wizara ya Maji, kilijikita katika mkaa wa mifupa. Mfupa ni apataiti: kalsiamu, fosfati na haidroksidi. Ioni ya haidroksidi na ya floraidi zina chaji ileile na ukubwa unaokaribiana sana, basi floraidi inaweza kuketi kwenye kiti cha mwenzake, na ikikaa haiondoki kirahisi. Joto la kuchoma ndilo lenye ufundi. Likiwa dogo, mafuta na nyama hubaki na maji yananuka. Likipita kiasi, vitundu vidogo vya mfupa vinajifunga na nguvu ya kunasa inapungua. Kaloleni, ambako Waislamu na Wakristo wanaishi mlango kwa mlango, swali la kwanza kuhusu chujio hili si la joto. Ni hili: mifupa ya mnyama gani, na amechinjwa na nani? Mwalimu asilikwepe. Aeleze kinachobaki baada ya moto na kinachoondoka, kisha awaachie viongozi wa dini hukumu yao. Chujio lisiloaminiwa halitatumika hata likiwa na kemia bora.

Mfupa unajibu pia kuhusu meno, kwani jino nalo ni apataiti. "Mbona mjomba aliyekuja ukubwani meno yake meupe?" Kwa sababu madoa hutokea wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, zaidi katika miaka minane ya kwanza, jino lililokamilika halirudi nyuma. "Mbona dawa ya meno ina floraidi?" Kwa sababu inagusa jino na kutemwa, na kiasi ndicho kinachoamua. Maswali haya ya kitoto yana ukoo mrefu. Daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akajiuliza kwa nini wenyeji wana meno ya kahawia. Mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipoitambua floraidi katika maji. Miaka 30 kwa swali ambalo watoto wetu hulibeba vinywani.

Najua pingamizi. Mwenzangu mmoja huniambia kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na floraidi haimo katika uchanganuzi wa ioni unaofanywa kwenye mtihani wa vitendo. Ni kweli, na hapo ndipo pana somo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nitrati ya fedha hutoa mashapo meupe kwa kloraidi huitia katika maji ya kisima akitarajia floraidi ijitokeze. Haitajitokeza: fedha floraidi humumunyuka. Jirani wa kloraidi kwenye jedwali la elementi, tabia tofauti kabisa. Kuipima kunahitaji elektrodi maalumu au rangi inayofifia floraidi inapoikamata zirkoniamu yake. Mwanafunzi aliyeshuhudia jaribio likikosa jibu, na akaelewa kwa nini, amejifunza uchanganuzi kuliko aliyeandika neno "mashapo" mara kumi.

Kuhusu lugha, sidai kwamba Kiingereza kifutwe darasani. Nadai kwamba swali lijibiwe kwa lugha lililoulizwa kabla ya kuvishwa nyingine. Makumbusho ya Azimio la Arusha yako karibu na mitaa ya Kaloleni. Mwaka huohuo wa Azimio, 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya jamii anamoishi. Na kujua maji ya nyumbani hakumfungii mtu kijijini. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, hapa Arusha, alipata mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa kihandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji.

Kijana yule nilimrudia juma lililofuata, mbele ya walewale waliomcheka. Tulifanya hesabu ya sufuria pamoja. Akafikiri kidogo, akauliza kama kuchanganya kungesaidia: sehemu moja ya maji yenye miligramu 5, sehemu mbili za maji ya mvua yenye karibu sifuri. Nikamwambia apige. Akapata 1.67, akasema bado kidogo, ongeza mvua. Nikamweleza kwamba kuchanganya maji ya visima tofauti ni njia ambayo mamlaka za maji nazo huitumia. Kabla sijamaliza, msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: kwao maharage hupikwa kwa magadi, na magadi hutoka kwenye ardhi hiihii, je, kijiko kimoja kinaongeza miligramu ngapi? Magadi hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo nilimwomba alete ya kwao. Aliyaleta kesho yake, yamefungwa kwenye kipande cha gazeti, tukayaweka kwenye mizani.