Kushikana mikono kwa wanaume
Kushikana mikono kwa wanaume ni desturi ya urafiki na heshima katika nchi za Kiarabu, Bara Hindi na sehemu nyingi za Afrika. Mombasa na Unguja, marafiki hutembea wameshikana vidole huku mazungumzo yakiendelea. Marekani ya leo wengi huiona kuwa dalili ya mapenzi ya jinsia moja, dhana potofu inayowaumiza watu bure. Aprili 2005, huko Crawford, Texas, Rais George W. Bush alitembea ameshikana mkono na Mwanamfalme Abdullah wa Saudia. Wamarekani walikejeli, ilhali kwa Wasaudi ilikuwa heshima ya kawaida. Hata Marekani yenyewe, picha za studio za karne ya 19 zinaonyesha wanaume wamekumbatiana na kupakatana bila haya.