Kaburi la Archimedes: Siku Tatu Katika Mji wa Sirakusa

Wasomaji wetu wamekwisha kulikuta jina la Sirakusa katika sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume, na yamkini wamelipita upesi, kama sisi tulivyolipita miaka mingi. Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi. Merikebu aliyosafiria ilivunjika huko Melita, ndicho kisiwa cha Malta, akakaa hapo miezi mitatu, kisha akapandishwa katika merikebu ya Iskanderia iliyokuwa imengoja baridi ipite. Merikebu hiyo ikatia nanga Sirakusa, ikakaa siku tatu. Luka haongezi neno: hasemi mji ulikuwaje, wala kama mfungwa aliruhusiwa kushuka pwani. Sisi nasi tulikaa Sirakusa siku tatu, walakini hatukuwa wafungwa bali watalii, wenye tikiti mkononi na viatu vya kutembelea. Twataka kuwaeleza tuliyoyaona, pamoja na kosa moja tulilolifanya huko, na hilo kosa ndilo hasa lililotushikisha kalamu.

Mji huu uko katika pwani ya mashariki ya Sisilia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Bahari ya Mediterania. Sisi tulitoka Rumi kwa gari la moshi (twaliita hivyo bado, ijapokuwa halitoi moshi tena). Tulipofika mwisho wa nchi kavu ya Italia tulidhani tutaambiwa tushuke tuvuke mlango wa bahari kwa chombo kingine. La! Gari lenyewe lilikatwa vipande, likasukumwa ndani ya tumbo la meli juu ya reli zilizotandikwa humo, nasi tukaivuka bahari tukiwa tumeketi mahali petu. Ng'ambo ya pili, Messina, mabehewa yakaungwa tena, tukaendelea na safari. Jambo hili tumelisimulia nyumbani mara nyingi kuliko habari za makanisa na mahekalu, na kila mara tunaombwa kulirudia.

Sirakusa ilianzishwa mwaka wa 734 au 733 kabla ya kuzaliwa Kristo. Waliouanzisha ni Wayunani waliotoka Korintho, mji ule ule ambao baadaye Paulo aliuandikia nyaraka. Walichagua kisiwa kidogo kiitwacho Ortigia, kilicho karibu sana na pwani hata leo huunganishwa nayo kwa madaraja mafupi. Sababu ya kukichagua yaonekana hata sasa. Upande mmoja pana bandari kubwa iliyokingwa na upepo, na hatua chache tu kutoka maji ya chumvi panabubujika chemchemi ya maji matamu. Ndani ya chemchemi hiyo yameota mafunjo, yale yale wayajuayo sana wenzetu wakaao kando ya Ziwa Viktoria na penye vinamasi vya Uganda. Tulisimama hapo kitambo, tukiyatazama majani ya kwetu katikati ya mji wa Ulaya, huku watoto wa Kiitalia wakiwatupia bata vipande vya mkate.

Katikati ya kisiwa ndipo penye kanisa kuu. Mbele yake ni jengo la fahari, lenye nguzo na sanamu za mawe meupe, lililojengwa katika karne ya 18 baada ya tetemeko la tarehe 11 Januari 1693 kuangusha uso wa kanisa la zamani. Lakini mgeni akizunguka ubavuni, upande wa barabara nyembamba, ataona ajabu: katika ukuta wa kanisa zimesimama nguzo nene za kale, zimezibwa katikati kwa mawe, kama watu waliosimama bega kwa bega wakafungiwa ukutani. Hizo ni nguzo za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wayunani, lililojengwa karibu na mwaka wa 480 K.K. Katika karne ya 7 baada ya Kristo askofu Zosimo alilifanya hekalu kuwa kanisa. Hakulibomoa. Aliziba nafasi zilizo kati ya nguzo za nje, na ukuta wa chumba cha ndani ukatobolewa matao ili watu wapite. Basi palipokuwa ndani pakawa pa wazi, na palipokuwa wazi pakawa ndani. Mwaka wa 878 Waarabu waliutwaa mji, na nyumba ile ile ikawa msikiti. Wanormani walipouteka karne mbili baadaye, ikarudi kuwa kanisa, na ndivyo ilivyo hata leo. Tuliingia asubuhi wakati wa misa, tukaegemea nguzo moja. Jiwe lilikuwa baridi, na mifereji yake imelainishwa na mabega ya watu.

Wako watakaosema kwamba haifai ibada ya Kikristo kufanywa penye nguzo za sanamu. Sisi twaona Zosimo alikuwa mtu wa busara na wa kuangalia gharama. Lakini tusimsifu kila aliyetumia mawe ya wenziwe. Hapo mjini pana uwanja mkubwa wa michezo ya kuigiza, ambao viti vyake vingi vilichongwa ndani ya mwamba wa kilima. Katika karne ya 16 Wahispania, ndio watawala wa siku zile, waliyachukua mawe ya jengo lake la mbele wakajengea ngome za Ortigia. Viti vile vilivyochongwa walishindwa kuvichukua kwa kuwa ni mwamba wenyewe. Tangu mwaka wa 1914 watu wamekuwa wakikusanyika tena juu ya viti hivyo kutazama michezo ya Wayunani wa kale.

Karibu na uwanja huo pana machimbo ya mawe, na hapo mgeni huonyeshwa kwanza pango refu, lenye umbo kama sikio, ambalo mtu akinong'ona ndani yake sauti yake hukua. Watu huimba humo, hupiga makofi, hucheka. Nje yake ni bustani nzuri ya michungwa na malimau, yenye kivuli cha kupendeza. Sisi tuliketi tukamenya chungwa, ndipo tukakumbuka tuko wapi, likatushinda kumaliza.

Maana mwaka wa 415 K.K. watu wa Athene, waliokuwa na nguvu nyingi baharini, walileta jeshi kuutwaa mji huu. Vita vilikwenda vibaya kwao. Katika mwaka wa 413 K.K. walikuwa tayari kukimbia usiku kwa merikebu zao, na kama wangeondoka usiku ule wangeokoka wengi. Lakini tarehe 27 Agosti mwezi ulipatwa. Nicias, jemadari wao, alikuwa mcha miungu sana. Akawasikiliza waaguzi waliosema jeshi lisiondoke mpaka zipite siku tatu mara tisa. Wakangoja. Watu wa Sirakusa wakafunga mlango wa bandari kwa vyombo, wakazivunja merikebu za Athene humo humo, na waliojaribu kutoroka kwa miguu wakakamatwa au kuuawa mtoni walipokuwa wakinywa maji kwa kiu. Nicias naye akauawa.

Thucydides, Mwathene aliyeiandika habari hiyo, asema waliotiwa katika machimbo hawakupungua 7,000. Hapakuwa na paa. Mchana jua liliwachoma, na usiku wa majira ya baridi uliwagandisha. Waliokufa walilala katikati ya walio hai. Kwa muda wa miezi minane kila mtu alipewa kwa siku maji kiasi cha kikombe kimoja kidogo, na nafaka vikombe viwili. Baada ya siku kama 70 wengine walitolewa wakauzwa utumwani, ila Waathene na baadhi ya wenzao wakabaki. Machimbo ya mji huu ni mengi, na wenyeji hutaja zaidi yale yaliyo karibu na nyumba ya watawa Wakapuchini kuwa ndiyo yaliyowafungia. Lakini mawe ni yale yale, nayo ndiyo yaliyojengea mji. Tulitafuta mahali palipoandikwa jina la mmoja wao, hata moja, hatukupaona.

Sasa twaja kwa mtu ambaye kwa ajili yake sisi tulikwenda. Kila mwalimu wa hisabati amemtaja Archimedes mbele ya ubao. Alizaliwa Sirakusa, akafia Sirakusa. Warumi walipouzingira mji, wakiongozwa na Marcellus, yeye alikuwa mzee, naye akawatengenezea watu wake mitambo ya kurusha mawe makubwa, na makucha ya chuma yaliyoteremshwa toka ukutani yakaishika merikebu pua yake, yakaiinua, yakaiachilia izame. (Ile habari ya kuziteketeza merikebu kwa vioo na jua, ambayo sisi wenyewe tumeifundisha, haimo katika waandishi wa zamani zaidi, twaiacha.) Mji haukuvunjwa kwa nguvu. Mrumi mmoja alihesabu safu za mawe ya ukuta mahali pamoja palipo chini, akakisia kimo chake, na usiku wa sikukuu ya Artemi, walinzi walipokuwa wamelewa mvinyo, Warumi wakapanda kwa ngazi. Sehemu za mji zilizobaki zikaanguka baadaye, mwaka wa 212 K.K. Marcellus alikuwa ameamuru Archimedes asiguswe. Askari mmoja akamkuta juu ya michoro yake, asimjue, akamwua.

Archimedes alikuwa ameagiza kaburi lake liwekewe alama ya tufe ndani ya mche duara, kwa kuwa aliona uvumbuzi ule kuwa bora kuliko mitambo yake yote. Maana yake ni hii: ukiwa na kopo ambalo tufe hulitosha kabisa, likigusa pande zote na chini na juu, basi tufe hilo huchukua theluthi mbili za nafasi ya kopo, wala si zaidi wala si pungufu.

Siku ya pili tulionyeshwa kaburi hilo. Liko kando ya barabara, limechongwa katika mwamba, na mlango wake una paji la pembe tatu kama la hekalu. Tulipiga picha tatu. Jioni ile ile tukamwandikia mwalimu mwenzetu nyumbani kwamba tumesimama mbele ya kaburi la Archimedes, akawasomea wanafunzi barua hiyo. Asubuhi yake kiongozi mwingine, mama wa makamo aliyesoma sana, akatuambia kwa upole kwamba kaburi lile ni la Warumi, lilichongwa miaka mingi baada ya Archimedes kufa. Ndani yake mna vishubaka vya kuwekea majivu ya wafu wa ukoo fulani. Watu wamelipa jina lake kwa kuwa wageni huuliza. Tuliona haya, lakini barua ilikwisha kwenda.

Naye akatusimulia habari ya Cicero, nasi tuliisoma tena tuliporudi. Mwaka wa 75 K.K. Cicero, Mrumi, alikuwa mtunza hazina katika Sisilia, akiwa bado kijana. Alipofika Sirakusa akawauliza wakuu wa mji kaburi la Archimedes li wapi. Wakajibu kwamba halipo. Ilikuwa imepita miaka 137 tu! Cicero alizikumbuka beti alizosikia kuwa zimeandikwa juu yake, na ile alama; akaenda penye makaburi mengi nje ya lango, akatazama, akaona nguzo fupi ikichungulia juu ya vichaka, na juu yake tufe na mche duara. Watu wakapelekwa na mundu wakafyeka miiba. Mwandiko ulikuwapo, nusu ya kila mstari imelika. Basi mgeni, tena wa taifa lile lililomwua, ndiye aliyewaonyesha wenyeji kaburi la mtu wao aliye mkuu kuliko wote.

Hatuwezi kuwacheka wakuu wale. Nyuma ya shule tunayofundisha pana vilima viwili vya mawe chini ya mwembe. Tulipoanza kazi tuliambiwa ni makaburi, hatukuuliza ni ya nani, na mzee aliyetuambia sasa amekwisha kufa.

Tuliporudi nyumbani, mfinyanzi mmoja wa kijijini alitufinyangia tufe, akalichoma, nasi tukakata kopo likalitosha kwa upana na kimo. Wanafunzi wa darasa la sita walilijaza maji kwa vikombe sita vidogo, wakaliweka ndani ya beseni, wakalizamisha tufe polepole, kisha wakapima yaliyomwagika: vikombe vinne, kasoro kidogo. Wakarudia mara mbili, maana mmoja wao hakuamini. Kisha tukawaonyesha ile picha, tukakiri kwamba barua yetu ilikuwa na kosa, tukawaeleza habari ya Mrumi na miiba.

"Basi, Mwalimu," akauliza yule asiyeamini upesi, "lile lenyewe sasa liko wapi?"

Tukamwambia kwamba tangu siku ile Cicero alipolifyekea, hatuna habari ya mtu mwingine aliyeliona kwa hakika.