Kisafirishi cha sodiamu: kazi iliyo nyuma ya ustahimilivu wa chumvi

Pitisha kidole juu ya jani la mchu mchana wa jua kali, wakati wa kiangazi, utahisi punje ndogo nyeupe. Ukizionja, ni chumvi. Mchu, unaojulikana kitaalamu kama Avicennia marina, ni mmoja wa miti ya mikoko ya pwani yetu. Huota kwenye tope linalofunikwa na maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina takriban gramu 35 za chumvi. Mpunga ukipandwa hapo hauishi. Uwezo unaotenganisha mimea hii miwili huitwa ustahimilivu wa chumvi, na sehemu kubwa ya kazi inayouleta hufanywa na protini ambazo napendekeza tuziite visafirishi vya sodiamu. Istilahi hizi mbili ziende pamoja, kwa sababu ya kwanza haieleweki vizuri bila ya pili.

Ustahimilivu wa chumvi ni uwezo wa mmea kuendelea kukua na kuzaa kwenye udongo ambao chumvi yake ingeidhoofisha mimea mingine. Ukinzani haufai hapa, maana umeshazoeleka kwa magonjwa na wadudu. Uvumilivu nao ni sifa tunayompa mtu. Kustahimili kumekwisha kukubalika mashambani: kila mkulima anaelewa mbegu inayostahimili ukame. Tatizo ni kwamba neno hili laweza kumfanya mtu adhani mmea umetulia tu ukisubiri shida ipite. Sivyo. Mmea stahimilivu unafanya kazi usiku na mchana, na unailipia kazi hiyo kwa nishati ambayo ingekwenda kwenye majani na punje.

Chumvi hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, huyashikilia maji yaliyomo udongoni, mizizi ikashindwa kuyavuta. Mmea unaona kiu huku jaruba limejaa maji. Pili, sodiamu yenyewe hujikusanya ndani ya seli. Ioni yake ina chaji chanya moja, sawa na ya potasiamu, na vimeng'enya vingi haviwezi kufanya kazi bila potasiamu. Sodiamu ikizidi, hushika nafasi isiyo yake na kazi inakwama. Ndiyo maana jani la zamani la mpunga, ambalo limepokea sodiamu kwa muda mrefu zaidi, huanza kukauka kwenye ncha, ukavu ukateremka kuelekea shina. Chumvi ikiukuta mpunga wakati wa kutoa maua, suke hujaa mapepe.

Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa jinsi maji yake yanavyopitisha umeme. Yakifikia desisimensi 4 kwa mita, huo ni udongo wa chumvi. Mavuno ya maharage huanza kushuka kwenye 1, ya mpunga kwenye 3, na ya shayiri kwenye 8.

Sasa tukitazame kisafirishi. Seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao ioni haiwezi kuupenya yenyewe. Ili ivuke, inahitaji protini iliyojichomeka katika utando huo. Protini hiyo ndiyo kisafirishi, jina lililoundwa kama kirutubishi na kiunganishi, kwa hiyo halitampa shida mwanafunzi. Tusikiite pampu. Pampu za mmea hutumia nishati moja kwa moja kusukuma ioni za haidrojeni nje ya seli. Haidrojeni inaporudi ndani kwa kasi, baadhi ya visafirishi huitumia kasi hiyo kuitoa sodiamu.

Visafirishi hivi hufanya kazi mahali patatu muhimu. Kwenye mzizi kuna SOS1, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 2000 katika mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Huirudisha sodiamu udongoni. Kwenye zailemu, mishipa inayopandisha maji, kuna visafirishi vya kundi la HKT. Kimoja, HKT1;5, kilielezwa katika mpunga mwaka 2005: huichomoa sodiamu kwenye maji yanayopanda ili isilifikie jani. Ndani ya seli kuna kundi la NHX, linaloifungia sodiamu katika vakuoli, yaani kifuko kilichomo ndani ya seli, mbali na vimeng'enya. Mchu una njia ya ziada: mizizi yake huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chumvi, na sehemu ya ile inayopenya hutolewa na tezi za majani. Mti uitwao hasa mkoko, jirani yake, hauna tezi hizo. Unategemea zaidi kuizuia chumvi mizizini.

Elimu hii imeshazaa matunda. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walitangaza kwamba waliingiza katika ngano ya tambi jeni la HKT kutoka kwa jamaa yake wa kale, kwa uzalishaji wa kawaida wa kuchanganya mbegu. Kwenye shamba la chumvi, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 25. Watafiti wa mpunga nao wamenufaika na Pokkali, mbegu ya asili ambayo wakulima wa pwani ya Kerala, India, wameitunza kwa vizazi vingi.

Suala hili linatugusa moja kwa moja. Maji ya bahari yanaingia kwenye mashamba ya mpunga Pemba na katika delta ya Rufiji. Bara, kwenye nyanda kame, umwagiliaji usio na mifereji ya kutolea maji huacha chumvi juu ya udongo, na mahali pengine magadi. Kwa hiyo afisa ugani anapoleta mbegu stahimilivu, aseme wazi inachofanya: inapunguza sodiamu inayofika kwenye jani, lakini haiiondoi shambani. Chumvi ya shambani huondolewa kwa kusuuza udongo kwa maji baridi na kuyapa njia ya kutokea, na kwenye magadi huongezwa jasi kwanza, ili kalsiamu yake iing'oe sodiamu kwenye mfinyanzi. Mkulima aliyeelezwa hivyo hataacha kuzibua mifereji kwa sababu tu amepata mbegu mpya.