Shule ya taniboi: jinsi udereva ulivyofundishwa Kasese

Kutoka Mubuku hadi mjini Kasese barabara ni ya lami, tambarare, na milima ya Rwenzori husimama upande wa kulia. Mwanafunzi wa udereva akipita hapa katika wiki yake ya pili, gia zikiingia bila kelele na gari likienda mstari mmoja, huona kazi imekwisha. Lakini barabara hiyo ikiendelea kusini hufika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, na hapo hugawanyika. Njia moja hukata Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka bila kumngoja mtu. Nyingine huelekea Bwera hadi Mpondwe, kwenye daraja la mto Lhubiriha, mpakani na Kongo. Uganda huendesha kushoto, Kongo huendesha kulia. Dereva akivuka mto ule, mazoea yote ya mikono yake hugeuka.

Kujifunza kuendesha gari huchukua muda gani? Wilaya ya Kasese imelijibu swali hilo kwa namna mbili katika historia yake. Zamani jibu lilikuwa miaka. Siku hizi ni wiki.

Pamiti kabla ya mtihani

Uingereza, iliyotuletea sheria za barabarani pamoja na upande wa kushoto, yenyewe ilikawia kuwapima madereva. Kuanzia sheria ya mwaka 1903, Mwingereza alilipa shilingi 5 akapewa pamiti, yaani leseni, bila kuulizwa kama anajua kusimamisha gari. Mtihani wa lazima ulianza tarehe 1 Juni 1935.

Magari ya wakati ule yalikuwa magumu kuliko haya ya leo. Injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya gari, na hendeli ikirudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono. Starta ya umeme ilionekana kwenye Cadillac mwaka 1912, lakini malori yaliendelea kubeba hendeli kwa miaka mingi. Gia nazo zilitaka akili. Dereva alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akapandisha mlio wa injini hadi ulingane na mwendo, kisha akakanyaga klachi tena na kuingiza gia ndogo. Akikosea kwenye mteremko, gia ilikataa, na lori lililojaa mzigo likabaki likishuka kwa breki peke yake.

Elimu hiyo haikuwa na darasa. Ilikuwa na taniboi.

Kijana aliyepanda nyuma

Taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, alianza kwa kuosha gari, kufunga turubai, kupakia na kupakua. Lori likizimika mlimani, aliruka chini na gogo au jiwe akaziba nyuma ya tairi kabla halijarudi. Alibadilisha matairi, akachota maji ya rejeta, akalala juu ya mzigo. Baada ya miezi, pengine mwaka, aliruhusiwa kulisogeza lori uwanjani. Baadaye alipewa kipande cha barabara tupu, mwalimu wake akiwa pembeni. Usukani wenyewe alikabidhiwa siku dereva aliporidhika, na siku hiyo haikuandikwa kwenye kalenda yoyote.

Vita Kuu ya Pili ilileta njia ya haraka zaidi. Jeshi la Waingereza Afrika Mashariki lilihitaji maelfu ya madereva, likawafundisha Waafrika katika kikosi chake cha uchukuzi. Waliendesha malori kuelekea Ethiopia mwaka 1941, na wengine wakafika Burma. Lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili, hivyo vijana wa makabila mengi walijifunzia usukani katika lugha tunayoitumia leo. Vita ilipokwisha mwaka 1945, askari waliorudi nyumbani na ujuzi huo walikuwa na kazi mikononi.

Hapa kwetu kazi hiyo iliongezeka kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300, ikafika Kasese. Treni ilichukua shaba kwenda kuyeyushwa Jinja, lakini treni haipandi Kilembe wala haifiki mlangoni kwa mtu. Palipo na mgodi na stesheni hutakiwa malori, na palipo na malori hupatikana taniboi. Baadaye saruji ya Hima, mpunga na mahindi ya skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, na chumvi ya Katwe vilihitaji magurudumu hayohayo. Shaba ya Kilembe ilisimama miaka ya 1980, treni za Kasese zikakoma katika miaka ya 1990, na mzigo ukabaki mikononi mwa dereva.

Mashine ikawa nyepesi

Katika miaka hiyo yote watengenezaji walikuwa wakimpunguzia dereva mzigo. Cadillac ilileta gia zinazojilinganisha zenyewe mwaka 1928. Oldsmobile ikauza gari la gia otomatiki kuanzia mwishoni mwa mwaka 1939. Leo kijana anaweza kujifunza kwenye gari dogo lisilo na pedali ya klachi. Ile miezi iliyokwenda kwenye hendeli na gia ikafutika, na ni jambo la kushukuru.

Sheria nayo ilijaza nafasi ya mazoea. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 ina utaratibu wa pamiti ya mwanafunzi, na tangu Machi 2021 serikali ya Uganda imechukua kazi ya kuchapisha leseni kutoka kwa kampuni binafsi. Pamiti sasa ina picha na alama za vidole. Imekuwa vigumu kuighushi, lakini haisemi mwenyewe amepita barabara ngapi.

Wakala wa serikali ya Uingereza unaosimamia mitihani ya udereva hutaja wastani wa saa 45 za mafunzo na saa 22 za mazoezi mengine kwa anayefaulu. Ukiendesha saa moja kila siku, hiyo ni zaidi ya miezi miwili. Wetu wengi hutafuta kumaliza kwa wiki chache, kwa sababu kila somo ni pesa na kazi ya udereva inasubiri.

Kitu kilichopotea

Mikono hujifunza upesi. Macho ndiyo huchelewa. Taniboi alikaa na dereva masika na kiangazi, usiku na mchana. Aliujua mto Nyamwamba unavyobadilika rangi kabla ya kufurika, na watu wa Kasese wanakumbuka Mei 2013 na Mei 2020, mito iliposomba madaraja na nyumba. Hata leo, gari la Uganda likiingia Kasindi, ng'ambo ya Mpondwe, usukani uko upande wa ukingo wa barabara na dereva hauoni upande wa mbele wa lori analotaka kulipita. Anayeona ni mtu wa kiti cha kushoto. Yeye ndiye husema njia iko wazi, na maisha ya wote hutegemea neno lake.

New Zealand iliitambua thamani ya mtu wa pembeni mwaka 1987, ilipoanza kutoa leseni kwa hatua. Dereva mpya huanza na msimamizi, kisha huendesha peke yake lakini si usiku wa manane na si akiwa na abiria atakao, ndipo apate leseni kamili. Nchi nyingine zikaiga. Kwa maneno mengine, waliandika katika sheria kile ambacho malori yetu yalikifanya kwa desturi.

Sitamani kurudisha utaniboi kama ulivyokuwa. Vijana wengi walilala njaa juu ya magunia, na wengine walinyimwa usukani miaka mingi kwa choyo tu. Ninachotamani ni ule muda wa kukaa pembeni. Mzazi mwenye gari, au mwenye teksi anayemwajiri kijana mwenye pamiti mpya, anaweza kumpa muda huo bila kungoja sheria. Ampeleke Kikorongo jioni tembo wakivuka, ashuke naye kutoka Kilembe mvua ikinyesha, na siku ya kwanza kule Mpondwe amkalishe kiti cha kushoto, amwulize: njia iko wazi?