Nyumba ya Magomeni na Aliyekaa Ndani Yake

Nyumba nyingi za pembeni mwa Dar es Salaam zilikaliwa na watu ambao waliohamia nyuma yao hawawajui hata kwa jina. Ile ya Mtaa wa Ifunda, Magomeni, ina bahati: imefanywa makumbusho, kwa kuwa Mwalimu Julius Nyerere aliishi humo katika miaka ya kudai Uhuru, baada ya kuacha ualimu huko Pugu mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya kazi yake na siasa ya TANU.

Ni nyumba ya kawaida, wala si jumba. Lakini sisi wana-ushirika hatuwezi kustaajabu mlangoni kisha tukarudi. Atafutaye maisha ya mkaaji wa nyumba hana budi kumfuata hata alikohamia, nasi tukimfuata twafika Mei 1976, Serikali yake ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, na ununuzi wa mazao ukatiwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Ndivyo vyama vilivyosimama na TANU tangu siku za shida. Bwana Paul Bomani, aliyetoka katika ushirika wa pamba wa Ziwa, alipata kuwa Waziri wake.

Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. Mwaka 1984 Mwalimu, akihojiwa, alikiri kwamba kuvunja ushirika ni jambo ambalo, kama angeanza upya, asingelifanya. Wakati huo alikuwa bado Rais, nasi twaona si viongozi wengi wasemao hivyo wakiwa kitini.