Fistula na Barabara ya Kasulu

Kiswahili kimetumia neno moja, uchungu, kwa ladha ya shubiri, kwa majonzi na kwa kujifungua. Wakunga wetu wameongeza la pili: uchungu pingamizi. Ni pale mtoto anapokwama njiani. Kichwa chake kinakigandamiza kibofu cha mama kwenye mfupa wa nyonga, saa baada ya saa, mpaka damu haipiti na nyama inakufa. Siku chache baadaye sehemu iliyokufa inabanduka, na mkojo unaanza kuvuja usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye ameshakufa. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi.

Ni maradhi ya zamani sana. Mwaka 1935 lilitangazwa tundu la namna hiyo katika mwili wa Henhenit, mwanamke wa kasri la Misri aliyekaushwa miaka takriban 4,000 iliyopita. Upasuaji wa kuliziba ulipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1840, na heshima yote akapewa J. Marion Sims wa Alabama. Alijifunzia kazi hiyo kwenye miili ya wanawake watumwa, bila dawa ya usingizi. Majina matatu tunayo: Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa mara zinazokaribia 30. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Ukisoma historia ya tiba, basi, uliza pia ni nani aliyelala mezani.

Sasa twende Kigoma. Mji uko chini, ziwani, kwenye bandari na reli. Kasulu na Kibondo ziko juu, kwenye vilima vya Buha. Kutoka Kibondo mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 200, na kabla ya lami, masika yaliigeuza barabara kuwa tope jekundu. Mama aliyeshikwa na uchungu pingamizi kijijini alikuwa na safari mbili: kwanza machela au baiskeli mpaka kwenye zahanati, halafu gari, kama lipo na kama lina mafuta. Kibofu hakisubiri gari.

Katikati ya miaka ya 1980, daktari kijana, Godfrey Mbaruku, alikuwa katika hospitali ya mkoa ya Kigoma. Akaanza na jambo lisilo na gharama kubwa: kuhesabu vifo vya wazazi na kuuliza kila kimoja kilitokeaje. Yeye na wenzake wakaandika orodha ya mambo 22 ya kurekebisha: nani anawajibika kwa nini, mgonjwa apewe rufaa lini, vifaa, mafunzo ya watumishi, na uhusiano wa hospitali na wananchi. Hawakungoja mfadhili. Kati ya 1984 na 1991 vifo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo aliyachapisha mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström.

Utaniambia, hivyo ni vifo, fistula iko wapi? Iko humohumo. Uchungu uliokwama unaomuua mmoja ndio unaomwachia mwingine kibofu kilichotoboka. Mwenye fistula ni yule aliyenusurika. Ukipunguza saa za kungoja, unawaokoa wote wawili.

Lakini kupunguza saa kunahitaji mtu wa kushika kisu hukohuko wilayani, na madaktari wenye shahada walikuwa wachache. Tanzania ilikuwa na jibu lake tangu miaka ya 1960: daktari msaidizi, tabibu aliyerudi shule miaka miwili akafundishwa na upasuaji. Wakubwa wengi wa taaluma walimtilia shaka. Mwaka 2006 Mbaruku, Colin McCord na wenzao wakapima kazi yake katika hospitali za Mwanza na Kigoma. Ripoti ya 2009 ilisema hapakuwa na tofauti ya maana kati ya wagonjwa wake na wale wa daktari kamili.

Hapa tusijidanganye lakini. Kisu kinachookoa kinaweza kujeruhi. Thomas Raassen, Carrie Ngongo na Marietta Mahendeka walipitia majalada ya wanawake 5,959 waliotibiwa fistula kati ya 1994 na 2012. Wanawake 805 hawakutobolewa na uchungu. Walijeruhiwa na mkono wa mhudumu, wengi wao kwenye upasuaji wa uzazi au wa kuondoa kizazi. Kwa hiyo kusogeza kisu karibu na kijiji hakutoshi. Anayekishika afundishwe vizuri na asimamiwe.

Tiba nayo imesonga. Baada ya tundu kushonwa, mpira wa mkojo hubaki ili kibofu kipumzike. Jaribio lililotangazwa 2015, lenye wanawake 524 katika nchi nane, Kenya, Uganda na Kongo zikiwamo, lilionyesha kuwa kwa fistula nyepesi siku 7 zinafaa sawa na 14. Siku 7 ni kitanda cha mwingine. Hata hivyo wapo ambao tundu huziba na mkojo ukaendelea kuvuja.

Na bado barabara. Mwaka 2009 CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, maana matibabu yalikuwa bure na nauli haikuwa bure. Mwaka huohuo ulitoka utafiti uliofanywa Kasulu, Mbaruku akiwa mmoja wa waandishi, ukiwauliza wanawake wangependa kujifungulia kituo cha namna gani. Mambo mawili yalitangulia: kuwepo dawa na vifaa, na mhudumu anayemheshimu mtu.

Mbaruku alifariki 2018. Lami imefika pande nyingi za Buha, na hilo ni jema. Ila mama aliyetukanwa wodini kwenye uzazi wa kwanza, wa pili ataanza kwa kungoja nyumbani, na saa za kibofu zinaanza kuhesabika hapohapo kitandani kwake.